Chupa ikivunjika, usisubiri nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na familia zinazomlea mzazi aliyetoka kujifungua nyumbani.

Kichanga akikataa kunyonya siku ya pili, wengi bado tunasema ni mchango au jicho, tunatafuta dawa ya kumwogeshea. Huenda ni bakteria walioingia kwenye damu. Bakteria wengine humwingia kabla hajazaliwa, hasa chupa ya uzazi (mfuko wa maji unaomzunguka mtoto tumboni) ikivunjika na yeye akakawia kutoka zaidi ya saa 18, au mama akiwa na homa wakati wa uchungu. Wengine hupitia kitovuni, kwa wembe mchafu au kwa majivu na samadi tunazopaka.

Ugumu ni kwamba kichanga haugui kama mtu mzima. Homa anaweza asiwe nayo kabisa, mwili ukawa wa baridi. Huacha kunyonya, hulegea, hupata degedege, au hupumua mara 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Dalili moja tu yatosha kumkimbiza hospitali usiku huohuo. Sindano za ampisilini na jentamaisini, ambazo ndizo za kuanzia, zinaokoa zikiwahi.

Wakunga wetu, nawaheshimu sana: mnapomruhusu mzazi, mwiteni na bibi wa mtoto mumweleze dalili hizi. Nyumbani yeye ndiye anayeamua, si kadi ya kliniki. Na mjamzito ambaye chupa imevunjika aende kituoni hata kama uchungu haujaanza, aseme ilivunjika saa ngapi.

Msomaji wako,
Morogoro