YAH: MALALAMIKO KUHUSU VING'AMUZI VIKUUKUU MNAVYOZUIA VISITENGENEZWE WALA KUGAWIWA

Fundi wa Redio na Televisheni,
Mikindani,
Mtwara.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Mikindani, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Malalamiko haya nimeshayafikisha kwa mdomo mara tatu kwenye tawi lenu la Mtwara mjini, na mara zote nimejibiwa neno lilelile: "King'amuzi kikifa, mteja anunue kingine." Sasa nawaandikia nyinyi wa juu, kwa kuwa jibu hilo si la kweli na linawala watu fedha zao.

Nianze na king'amuzi kimoja ili tuelewane. Mwezi wa tatu, mvua zimekolea, alinijia mzee mmoja mvuvi wa Msangamkuu. Alikivusha king'amuzi chake kwa mashua, amekiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni na kanga ya mkewe. Nusu ya chaneli zake zilikuwa zimepotea, nusu zinaonekana safi kabisa. Alikwisharipoti tawini. Akaletewa kijana wa dishi, akaligeuza dishi huku na huku, akalipwa shilingi 20,000, chaneli hazikurudi. Kijana akaja tena, akasema kichwa cha dishi, kile kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, kimekufa, akakibadilisha kwa 15,000. Hazikurudi. Safari ya tatu akaambiwa kilichokufa ni king'amuzi chenyewe, atoe 79,000 apewe kipya.

Nilifungua skrubu nne mbele yake. Kabla sijainamisha taa, mzee akauliza, "Mbona kinanuka shombo, fundi?" Alikuwa amepatia. Kapasita, yaani kile kikopo kidogo kinachotunza umeme kwenye bodi, ikivuja, maji yake hunuka hivyo hivyo. Ilikuwa pale kwenye pawasaplai, sehemu inayokigawia king'amuzi umeme, pembeni ya bati la kupozea joto, kichwa kimevimba kama kitumbua. Kichwa cha dishi hupata umeme wake kutoka kwenye king'amuzi kwa waya uleule unaoleta picha: volti 13 kwa chaneli za mawimbi ya wima, volti 18 kwa chaneli za mawimbi ya ulalo. Nikapima. Za wima zilikuwa sawa. Nilipohamia za ulalo, mita ilipanda hadi 14 na kitu ikakwama hapo, na kwa umeme huo kichwa cha dishi hubaki kwenye wima tu. Kwa hiyo dishi lilikuwa zima na kichwa cha kwanza kilikuwa kizima. Kapasita mpya ya maikrofaradi 1000, volti 35, nilimuuzia shilingi 1,000, na ufundi 3,000. Kabla ya adhuhuri alishavuka kurudi kwao.

Ndugu Meneja, yule mzee alitoa 35,000 kwa watu waliovaa fulana yenye nembo yenu, na hakuna hata mmoja wao aliyemfungulia mfuniko.

Ving'amuzi vinavyofika mezani kwangu, vingi mno ni ugonjwa huo huo wa pawasaplai. Kingine taa nyekundu inapepesa haitulii, kingine kinawaka kinazima, kingine kinaganda kwenye nembo yenu usiku kucha. Napima mahali panapotakiwa volti 5, napata 3 na pointi kadhaa. Na sababu yake inasomeka kwenye ubavu wa kapasita zenyewe: mmeweka za kuhimili nyuzi joto 85. Kapasita ya namna hiyo, ikiwa imetengenezwa idumu saa 2,000 kwenye joto hilo, umri wake huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Humo ndani, kwa joto la kwetu, chukulia ni nyuzi 65. Hesabu inatoa saa 8,000. Mwaka mzima una saa 8,760, na king'amuzi hakilali, maana mtu akibonyeza rimoti akaenda kulala, pawasaplai inaendelea kufanya kazi. Mngeweka ya nyuzi 105 ya saa hizo hizo 2,000, hesabu ileile ingefika saa 32,000, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu. Tofauti ya bei dukani kwetu haifiki shilingi mia tano. (Kina mama nao nawaambia kila siku waondoe kile kitambaa cha kudarizi juu ya king'amuzi, kinaziba matundu ya hewa. Mngeandika hilo kwenye boksi kwa Kiswahili, mngesaidia.)

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mlipotangaza ile ofa ya mteja kurudisha king'amuzi cha zamani na kupunguziwa bei ya kipya, niliifurahia. Nikadhani mtavitengeneza. Siku niliyokwenda tawini kuomba vile vibovu, nilivikuta nyuma ya jengo vimerundikwa juani, na kijana anavipasua bodi kwa nyundo, kimoja baada ya kingine. Nilimsihi asimamishe, akaniambia ni maagizo. Nilisimama pale nikitazama vitu ambavyo vingi vyake vingepona kwa kapasita mbili.

Tangu hapo nikaanza kuwaomba majirani wasirudishe, waniletee mimi. Wameniletea. Nimetengeneza ishirini na sita kwa fedha yangu na kuvigawa bure: cha kwanza kwa bibi mmoja mjane hapa Mikindani, kingine kwa zahanati, wagonjwa waangalie taarifa ya habari wakisubiri zamu, vingine kwa familia za huko Nanguruwe na Nanyamba ambazo korosho zao hazikufua dafu mwaka huo. Kumi na moja vinafanya kazi. Kumi na tano vinawaka, vinakamata mawimbi, kisha vinaandika kwamba kadi haikusajiliwa. Tawi limekataa kubadilisha jina la mmiliki. Nimewapelekea barua za wenyewe walionipa, zimesainiwa na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa, wakasema mfumo hauruhusu king'amuzi "kilichotoka" kurudi. Yule bibi yumo kwenye hao kumi na tano. Ana fedha ya kulipia kifurushi cha mwezi, anawapelekea, na nyinyi mnaikataa.

Mtasema usalama. Nakubali kwamba pawasaplai si ya kuchezea: umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa hufika kama volti 325 kwenye ile kapasita kubwa, na unabaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Mwanafunzi wangu mmoja ilimrusha hadi kwenye kabati. Lakini hatari hiyo ndiyo sababu ya kuwapa mafundi mchoro wa sakiti na pawasaplai kamili ya kubadilisha, na nyinyi hamtoi chochote. Ulaya, tangu Machi 2021, mtengenezaji wa televisheni analazimika kuwauzia mafundi pawasaplai na hata kapasita zinazozidi maikrofaradi 400, kwa miaka isiyopungua saba baada ya toleo kuisha sokoni. Kanuni hiyo ni ya televisheni na haifiki Mtwara. Naitaja mjue kwamba ninachoomba kinawezekana.

Ninachoomba ni hiki. Mzee wa Msangamkuu arudishiwe 35,000 zake, stakabadhi zote mbili nimeambatanisha. Ving'amuzi kumi na tano vifunguliwe kwa majina ya wanaovitumia sasa. Orodha ya namba za kadi nayo ipo. Nyundo ile iwekwe chini, na mafundi wa Mtwara na Lindi turuhusiwe kuchukua vibovu kwa kusaini. Na pawasaplai zenu ziuzwe kama kifaa cha kubadilisha, kwa bei inayojulikana, tawini.

Tawi nimeshalimaliza, ndiyo maana nimepanda kwenu. Nisipopata jibu la maandishi kutoka kwenu, nakala ya barua hii nitaipeleka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na viambatanisho vyake.

Karakana yangu iko wazi kila siku, Ijumaa nafunga kwa ajili ya swala na kurudi saa nane. Mkimtuma mtaalamu wenu nitamfungulia king'amuzi chochote atakachochagua mwenyewe. Chini ya meza viko tisa vingine vinavyosubiri, na cha bibi nimekiweka juu ya rafu, kwa sababu anapita kila Jumamosi kuulizia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi, Mikindani