Ukubwa wa nchi si kipimo cha uendelevu

Mhariri,

Inaniudhi kila nisomapo kwamba nchi fulani ina akiba ya kutosha ya mazingira, yaani ardhi yake huzalisha zaidi ya wanachotumia watu wake, kwa kuwa ni kubwa. Chukua Kenya: kilomita za mraba 580,000 hivi, yaani hekta milioni 58. Ukizigawa kwa watu milioni 47.6 wa sensa ya 2019, kila mtu anapata hekta 1.2, karibu ekari tatu. Lakini takriban asilimia 80 ya nchi ni kame au nusu kame. Ukiiondoa sehemu hiyo, kila mtu anabaki na hekta 0.24 tu. Rwanda, yenye kilomita za mraba 26,338 na watu milioni 13.2 (sensa ya 2022), ina hekta 0.2 kwa kila mtu. Tunaizidi mara 22 kwa ukubwa, na tofauti ndiyo hiyo!

Sisemi ardhi kame haina kazi. Turkana na Marsabit hulisha ngamia na mbuzi wengi. Ila hekta ya Turkana haizalishi sawa na ya Kericho, penye mvua nyingi. Kwa hiyo pimeni kwanza uzalishaji wa kila aina ya ardhi, ndipo mlinganishe na tunachotumia: chakula, malisho, kuni, mbao, na misitu ya kufyonza hewa ukaa.

Msomaji,
Nakuru