Kurumbiza na kinda lisilo lake

Jinja, Novemba

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, ila magoti ya nyanya yako na hizi mvua hawapatani. Karo nimeshatuma.

Sasa nikupe habari za kile kibao chako cha kulishia ndege kwenye mpera. Shore wanakuja kula papai na kugombana vilevile. Lakini kumbikumbi walipotoka, nyanya yako akaanika ungo mzima, nami nikaweka kiganja kimoja pale kibaoni. Akaja kurumbiza, yule mwenye nyusi nyeupe na kifua cha rangi ya chungwa, anayetuamsha alfajiri kwa kuitikiana na mwenzake. Unamjua alivyo mwoga: huokota wadudu chini ya vichaka, ukimtazama tu katoweka. Safari hii alibeba kumbikumbi mdomo tele, asile hata mmoja, akarukia ua wa michongoma. Pale limekaa kinda jeusi, tumbo la michirizi, kubwa kuliko yeye, limeachama na kulia bila kupumua. Ilibidi alipande mgongoni ndipo alilishe!

Mdogo wako akashikilia kwamba ni mtoto wa mwewe. Wapi! Ni kekeo, yule wa sauti tatu zinazoshuka, ambaye watu wakimsikia husema mvua i karibu. Kekeo hajengi kiota. Jike huvizia, hutaga katika kiota cha kurumbiza, akaenda zake. Kinda likianguliwa, lingali kipofu na halina hata unyoya, huyabeba mayai ya wenyeji mgongoni na kuyasukuma nje moja moja. Likishatoka kiotani, bado hulishwa wiki kadhaa.

Nyanya yako anataka nilifukuze, na najua wewe utamuunga mkono. Mimi sitaki. Makinda ya kurumbiza yalishapotea, hayarudi kwa kulitesa hili. Tena kekeo akikua hula viwavi wa manyoya ambao ndege wengi hawawagusi, wale waliokuwasha shingo ukalia usiku kucha. Kurumbiza simwiti mjinga: mdomo ukiachama mbele yake na kelele ya njaa, hana namna, atalisha.

Ukija likizo mwezi ujao huenda likawa limeshajitegemea. Pitia dukani uniletee misumari ya inchi tatu, kibao kimelegea upande mmoja.

Mama yako