Malalamiko: Puli ya Supachaja Iliyobadilishwa Bila Idhini

Maskati, Julai

Kwa Meneja wa Gereji

YAH: KUBADILISHIWA PULI YA SUPACHAJA NA PROGRAMU YA INJINI BILA IDHINI YANGU

Assalaam alaykum,

Nakuandikia kuhusu gari yangu, Dodge Challenger SRT Hellcat ya 2015, niliyoileta kwenu kabla joto halijachanganya. Kazi niliyoagiza ni moja, na imo kwenye karatasi yenu ya kupokelea gari: kubadilisha pampu ya maji yanayopoza hewa ya supachaja, ile mashine inayosukumia injini hewa, na kutia maji mapya. Basi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyosemezana pale kaunta, isije ikasemwa kuna jambo halikueleweka.

Pampu mpya nimeikuta, sikatai. Lakini nimekuta pia puli ndogo ya supachaja, yaani gurudumu la mkanda unaoizungusha, programu mpya ya injini, na video ya gari yangu ikikimbizwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, boneti wazi, feni kubwa mbele yake. "Hii zawadi yetu kwako," akaniambia kijana wenu. Zawadi yenyewe nikaikuta kwenye bili.

Gari hii naendea kazini. Asubuhi natoka Al Khoud kwenda Ruwi, jioni narudi kwa barabara ya Sultan Qaboos pamoja na Maskati nzima. Katika foleni ile, nguvu ya farasi 707 iliyotoka nayo kiwandani haina pa kwenda. Ndiyo maana natumia ufunguo mweusi, ule unaoibana injini isipite 500. Mwekundu, wa nguvu zote, umelala kabatini. Nilipomweleza hivyo kijana wenu akacheka: "Mtu ananunua simba, halafu anamfuga kama paka?" Ndiyo, namfuga hivyo hivyo. Pesa ni yangu, naipenda sauti ya silinda nane alfajiri, na ina kiyoyozi na buti inayomeza manunuzi ya sokoni ya wiki nzima.

Sasa tazameni mlichonifanyia. Kwenye skrini ya gari kuna ukurasa unaoonyesha joto la hewa inayoingia injini. Zamani foleni ikikaza namba ile ilipanda kidogo, ikatulia. Siku hizi haitulii. Nikisimama Al Khuwair naitazama ikipanda digrii baada ya digrii, na gari za mbele zikiondoka nakanyaga mafuta, gari inasita, nzito, kisha ndiyo inakumbuka kwenda.

Sababu yake mnaijua kuliko mimi. Supachaja hii ya lita 2.4 huzungushwa na mkanda, na kiwandani kikomo chake ni mizunguko 14,600 kwa dakika. Mkiitia puli ndogo inazidi hapo, inabana hewa zaidi, na hewa ikibanwa hupata moto. Moto huo hauna pengine pa kutolewa ila kwenye maji yale yale niliyowaleteeni myashughulikie. Joto likizidi, kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge, yaani mafuta yasijiwakie yenyewe ndani yake, na nguvu inashuka. Kwa hiyo farasi mlionionyesha kwenye video, barabarani wananyang'anywa, na baadhi ya wangu wanaondoka nao. Video yenu ni ya sekunde chache, mbele ya feni. Mimi nakaa nyuma ya lori la saruji, saa tisa mchana, mwezi wa saba.

Na hata kazi niliyoagiza haikwisha. Mfumo ule wa maji hutolewa hewa yote kabla ya kujazwa, lakini hadi leo nikifungua kifuniko injini ikiwa baridi naona mapovu. Programu yenu nayo inataka petroli ya oktani 98. Vituo vya njiani kwangu vina 91 na 95, na 95 ndiyo niliyokuwa nikitia miaka yote bila taabu.

Halafu kuna la taa. Kati ya taa za mbele za gari, ile ya upande wa dereva iliyo karibu na katikati, kwenye Hellcat haina balbu kwa makusudi: ni tundu la kuvutia hewa ya injini. Fundi wenu kaona tundu tupu, akatia taa ya LED na kulizunguushia gundi nyeusi, safi kabisa, hata mshono hauonekani. Nilicheka peke yangu kwenye maegesho. Kisha nikakumbuka kuwa gundi ile nayo nimeilipia.

Nataka puli yangu ya mwanzo irudishwe pamoja na programu ya kiwandani, taa ile itolewe na tundu lisafishwe, maji yatolewe yote na kujazwa upya inavyotakiwa. Nirudishiwe pia pesa ya kila kilichofanywa nje ya karatasi niliyotia saini. Injini iliyogeuzwa bila kibali inaweza kuniletea matata kwa polisi nikienda kufanya upya mulkia, kadi ya usajili wa gari, na hilo mlipaswa kunieleza kabla ya kugusa boliti. Nisipopata jibu la maandishi wiki hii, nitapeleka bili, karatasi ya kupokelea na video yenu kwa mamlaka ya kulinda watumiaji, chini ya sheria iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 66 ya 2014.

Gari nitaileta Jumapili asubuhi, mapema. Puli ya zamani naomba niikute mezani, na kama mmeshaiuza, niambieni leo nikaitafute mwenyewe kwa gharama yenu.

Wassalaam,

Mteja wenu, mwenye Challenger nyeupe