Barua kutoka Tanga

Ngamiani, Tanga
Jumamosi usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na wanao huko Geita. Shemeji naye msalimie, ila mwambie ule utani wake, eti sisi watu wa pwani tunachimba mihogo tu, leo nina jibu.

Jana nilikwenda mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kutoka mjini, njia ya Horohoro. Ni mwamba wa chokaa mtupu, maji yameutafuna miaka na miaka. Mwongoza wageni anatangulia na tochi, wewe nyuma unanusa kinyesi cha popo. Pana mahali njia inabana mpaka upite kwa magoti, na mimi na mwili wangu huu! Dera likanasa kwenye jiwe, likachanika kuanzia paja hadi ugoko. Nikatoka nimejifunga khanga kiunoni, watoto wa shule wanacheka. Kuna pembe watu wameacha chupa za marashi na sarafu za mizimu. Yule kijana akaniambia shimo moja linatokea Mombasa. Nikamjibu atangulie, mimi nitamfuata na basi.

Sasa jibu la shemeji. Mwamba wa chokaa kama huo ndio wanaoupasua kwa baruti kule Pongwe, wakausaga, wakauchoma kwa moto mkali pamoja na udongo, ikatoka saruji. Ile mifuko yenye simba mliyojengea kwa mama Korogwe, asili yake huku. Hayo si machimbo?

Mjini sikukaa sana. Boma la Mjerumani sasa ni makumbusho ya Urithi. Wanakueleza reli iliyoanza kujengwa hapa 1893, na vita vya Novemba 1914, Waingereza waliposhuka na askari kutoka India wakapokewa kwa risasi, na nyuki juu. Nyuki, shoga!

Ila kilichonishika ni ukuta wa nyumba moja kuukuu karibu na bandari. Plasta imebanduka, ndani matumbawe matupu, na kombe dogo limekaa katikati, jeupe, mistari yake yote ipo. Nililigusagusa mpaka muuza kahawa akaniuliza kama nanunua nyumba.

Dera jingine nitatafuta kesho Mgandini. Shemeji nimemwokotea kipande cha jiwe kando ya barabara Pongwe. Akikipima akakosa dhahabu asinirudishie, akiwekee mlango usibamizwe na upepo.

Mimi shogako