Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa makumbusho ya sanaa: filamu ya bure nayo ni kazi ya sanaa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Yah: Maonyesho ya filamu yasiyo na kiingilio

Kwanza pokea shukrani zangu. Jioni mliyoonyesha filamu bila kiingilio nilikuja na baba yangu, mzee ambaye miaka yote amekuwa akilipita jengo lenu kwa nje, akiamini kwamba humo ndani si mahali pa watu kama yeye. Neno "bure" kwenye tangazo ndilo lililomwingiza. Kwa hiyo sikuandikii kulilaumu neno hilo. Nakuandikia kulitetea.

Filamu ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe. Haikupita hata robo saa, baba akaniinamia na kuninong'oneza: "Mbona watu wote wana nyuso pana hivi?" Aliona sawasawa. Filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zilipigwa kwa picha inayokaribia mraba, upana wake ukiwa kama mara 1.37 ya kimo. Projekta yenu ilikuwa imewekwa kwa umbo la televisheni za siku hizi, 16 kwa 9, na picha ikavutwa pembeni mpaka ikajaza pazia. Ukipiga hesabu, kila uso uliongezwa upana kwa karibu theluthi moja. Mwongozaji na mpiga picha walipima kila kitu ndani ya fremu ile: umbali wa mtu na mlango, nafasi iliyoachwa wazi juu ya kichwa cha mtoto. Vipimo hivyo vyote vilipotea, na ilikuwa kazi ya kubonyeza kitufe kimoja tu kuvirudisha.

Nijiulize tu: mchoro ukiwa mdogo kuliko fremu iliyopo stoo, fundi wenu angeuvuta mpaka uenee? Hata mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo asingethubutu.

Filamu fupi bubu mliyoitanguliza nayo iliniuma. Kasi ya picha 24 kwa sekunde ilikuja kuwa kanuni pamoja na sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya hapo kasi haikuwa moja, na nyingi zilipigwa polepole zaidi, wakati mwingine picha 16 tu kwa sekunde. Ukiichezesha filamu ya namna hiyo kwa 24, saa nzima inageuka dakika 40, na anayetembea anaonekana anakimbia. Ndiyo maana ukumbi uliangua kicheko kwenye msafara wa mazishi. Watu hawakuwa na kosa. Walicheka walichoonyeshwa.

Taa za njia kati ya viti nazo ziliachwa zikiwaka kwa nguvu, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwa sababu hakuna wanaoujua mwanga kama ninyi. Michoro ya karatasi mnaitunza kwenye mwanga hafifu wa luksi 50 hivi ili isififie. Filamu inahitaji giza kwa namna ile ile mchoro unavyohitaji ukuta. Na majina ya waliotengeneza filamu yalipoanza kupanda, projekta ikazimwa, viti vikaanza kusukumwa. Pembeni ya kila kazi kwenye kumbi zenu kuna kibandiko chenye jina la msanii na mwaka. Kibandiko cha filamu ni yale majina.

Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalianzisha maktaba yake ya filamu mwaka 1935, miaka 6 tu baada ya kufunguliwa, na Iris Barry akawa mhifadhi wake wa kwanza. Wakati huo filamu iliyokwisha kuzunguka kwenye kumbi za sinema ilihesabiwa na wengi kuwa takataka. Yeye aliikusanya, akaihifadhi, akaionyesha kwa heshima iliyopewa uchoraji. Njia hiyo imekwishafunguliwa; kilichobaki ni kuifuata.

Najua kinachokuwa bure kwa mtazamaji si bure kwenu. Haki za kuonyesha hulipiwa hata pale mlangoni pasipotozwa kitu, na fundi naye lazima alipwe. Ndiyo maana siombi mashine mpya. Naomba mtu mmoja aijaribu filamu mchana, kabla ya watu kufika: aangalie umbo la picha, kasi, sauti na taa. Naomba iachwe imalizike. Ikiwezekana, mtu wenu asimame dakika tano kabla ya kuanza atuambie filamu imetengenezwa lini na nakala tunayoiona imetoka wapi.

Suala la viti ni fupi. Mlangoni wazee wawili walirudishwa kwa kuwa hawakujiandikisha kwenye intaneti, na humo ndani nilihesabu viti 20 vitupu. Kiti cha bure hakimuumi mtu aliyejiandikisha kisha asije. Dakika kumi kabla ya kuanza, viti vilivyobaki vitupu wapewe waliosimama nje.

Tafadhali msijibu barua hii kwa kuweka tiketi ya kulipia ili mambo yawe mazuri. Baba amekwisha kuniuliza tarehe ya onyesho lijalo. Tutakuja, na kama mnahitaji mikono ya kupanga viti, nitafika saa moja kabla.

Wako katika sanaa,
Mtazamaji wa safu ya tatu