Risala ya Wakutubi na Kamati ya Wasomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maktaba ya Chuo, Arua, Uganda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo; Mheshimiwa Mkuu wa Chuo; waheshimiwa wahadhiri; wanafunzi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi leo. Furaha yetu ni kubwa zaidi tukikumbuka kwamba huu ni mwaliko wetu wa tatu, na kwamba mara mbili zilizopita majukumu yalikubana ukalazimika kututumia wawakilishi, ambao walitupa ahadi nzuri kwa niaba yako. Ahadi hizo tumezihifadhi vizuri katika kumbukumbu za vikao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maktaba hii ilianzia katika stoo ya chaki, ikiwa na rafu moja na daftari la kuazimia lililofungwa kwa kamba lisichukuliwe. Leo ina jengo lake, na maendeleo yake ni mengi kiasi kwamba muda hautoshi kuyaeleza yote. Itoshe kusema kwamba tumepokea viti vipya kumi na viwili, kumi kati yake vikiwa vinakalika. Kwamba kompyuta ya kaunta sasa ina nenosiri. Na kwamba katalogi yetu imehama kutoka kwenye kadi hadi Koha, programu ya bure ya maktaba iliyoanzia New Zealand, hatua ambayo kwa maoni yetu inatuweka safu ya mbele katika ukanda huu wa West Nile.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, nalo ni matumizi ya programu za kijamii katika maktaba. Tangu mwaka 2005, Michael Casey wa Marekani alipoanza kuzungumzia "Maktaba 2.0", wakutubi wa nchi nyingi wamekuwa wakimpa msomaji nafasi ya kuuliza, kutoa maoni na kuvipa vitabu majina ya utafutaji kwa maneno yake mwenyewe. Sisi tumechelewa, ila si kwa kukosa habari wala vifaa vya ajabu. Tumekosa ruhusa.

Koha yenyewe ina sehemu ya maoni ya wasomaji. Tuliifungua, na wanafunzi wa ualimu wakaanza kuvibandika vitabu maneno kama "mtaala mpya", kwa kuwa ndivyo wanavyovitafuta tangu mtaala wa sekondari ya chini ulipobadilika mwaka 2020, wala hakuna anayekumbuka vichwa vya mada tulivyoandika sisi. Siku ya nne sehemu hiyo ikaamriwa kufungwa, kwa sababu mwanafunzi mmoja aliandika kwamba kitabu fulani cha lazima hakina kurasa za katikati. Tulikwenda rafuni kukiangalia, na ni kweli kurasa hizo hazimo.

Mheshimiwa, tungekosa uaminifu kama tungesema upinzani uko ofisi za juu peke yake. Tulipoanzisha kundi la WhatsApp la maktaba, mama yetu mkutubi mkongwe ndiye aliyekataa kwanza. Aliuliza, "Nikiulizwa saa nne usiku, nitajibu kwa mshahara gani?" Swali lake lilikuwa la haki, na kwa kweli hakuna aliyemjibu. Kilichombadilisha ni mwalimu mmoja anayesoma wakati wa likizo, aliyeandika kutoka Yumbe akitaka kujua kama kitabu alichokihitaji kipo kabla hajalipa nauli. Mama alikwenda rafuni, akakuta kimeazimwa, akampigia picha ukurasa wa yaliyomo wa kitabu kingine kinachofanana nacho, akamtumia. Mwalimu yule hakupoteza safari. Tangu siku hiyo mama ndiye mlinzi mkali wa kundi: tangazo la mikopo ya haraka halikai humo dakika mbili.

Lakini simu anayotumia ni yake, na bando ni lake. Sote tunakumbuka kwamba kuanzia Julai 2018 kuingia katika mitandao ya kijamii kulitozwa shilingi 200 kila siku, na kwamba tozo hiyo ilipoondolewa mwaka 2021 ilifuatiwa na kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Mtumishi wa umma kulipa kodi ili apate kutekeleza kazi ya umma ni jambo ambalo tunaamini Baraza halikulikusudia. Facebook nayo ilifungwa nchini Januari 2021, ndiyo maana hatuji kwako na orodha ndefu ya mitandao.

Wanaohofia siri za wasomaji tunawaheshimu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 tumeisoma. Nani ameazima nini hubaki ndani ya Koha. Hakuna jina la mdaiwa linalotajwa kundini, hata wale wanaodaiwa tangu kabla vyuo havijafungwa Machi 2020. Hata hivyo, juu ya mlango wetu bado kuna kibao kisemacho "Simu Marufuku", na chini yake tumebandika, kwa aibu kidogo, namba ya kujiunga na kundi.

Kuhusu intaneti ya jengo, mwakilishi wako wa kwanza aliahidi kifaa cha kusambazia mawimbi "kabla ya muhula kwisha". Fundi alikuja, akatoboa ukuta kupitisha waya, akaondoka. Mwakilishi wa pili aliliona tundu hilo na akapongeza kasi ya mradi. Mpaka leo wanaolitumia ni mijusi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, safari hii hatuombi kifaa. Tunaomba waraka wa Baraza utakaotambua kujibu wasomaji mtandaoni kuwa kazi rasmi ya mkutubi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Utakaoruhusu sehemu ya maoni ifunguliwe tena chini ya usimamizi wetu. Na utakaoipa maktaba simu moja yenye laini yake na bando la kila mwezi. Ili tusikuchoshe, waraka huo tumeshauandika. Uko katika faili la kijani lililo mbele yako, karibu na chupa ya maji, pamoja na kalamu. Mahali pa sahihi pameachwa wazi, na tarehe tumeandika ya leo.

Ni sisi watiifu wako,
Wakutubi na Kamati ya Wasomaji